Mlango wa Msaada wa Mkulima Uko Wapi?

Kila mwaka, mvua za masika zinapokaribia, mkulima wa mpunga katika mabonde ya Pemba husimama pembezoni mwa konde lake akitazama pande mbili: hutazama mbinguni, na hutazama barabarani. Mbinguni anangojea mvua. Barabarani anangojea trekta. Mvua ni kudura ya Mwenyezi Mungu, na hapana ofisi inayoweza kuulizwa kwa nini imechelewa. Trekta ni kazi ya wanaadamu: lina ratiba, lina mafuta yaliyotengewa fedha, na lina ofisi iliyokabidhiwa dhamana yake. Hata hivyo, ukimwuliza mkulima wetu, utamkuta ana habari nyingi zaidi za mvua kuliko za trekta.

Hilo ndilo tunalokusudia kulizungumza leo. Hatusemi kwamba Serikali haimsaidii mkulima. Anayesema hivyo ama haijui historia ya visiwa hivi, au anaijua na anaificha. Tunalosema ni kwamba msaada upo, tena wa aina nyingi, lakini umekaa nyuma ya milango mingi, na mkulima hajui aanze kubisha hodi wapi. Na msaada ambao mwenyewe hajui pa kuupata, kwake yeye, hauna tofauti na msaada usiokuwepo.

Itakumbukwa kwamba baada ya Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964 ardhi iliwekwa mikononi mwa dola, na kuanzia mwaka 1965 familia za wanyonge zikaanza kugaiwa eka tatu tatu. Mgao ule haukuwa sadaka. Ulikuwa ahadi baina ya dola na mkulima: dola itoe ardhi, elimu na nyenzo, mkulima atoe jasho na aitunze ardhi aliyokabidhiwa. Huko Bara, tamko la Siasa ni Kilimo lililotolewa na TANU mjini Iringa mwaka 1972 lilisimama juu ya msingi huo huo, likitaka kanuni za kilimo bora zimfikie mkulima shambani mwake. Kwa hiyo mwananchi anapouliza kuhusu mbegu, miche au trekta, haombi hisani. Anaulizia utekelezaji wa ahadi.

Tuyataje basi yaliyopo, ili tusizungumze hewani. Kwa mkulima wa mpunga, Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar imekuwa ikichangia gharama za kulimiwa kwa trekta, za mbegu, za mbolea na za dawa ya magugu. Upo utafiti wa kilimo wenye makao yake Kizimbani, Unguja, na hapa Pemba kituo cha Matangatuani. Kwa mwenye mikarafuu, vipo vitalu vya miche; lipo Shirika la Biashara la Taifa, ZSTC, lililoanzishwa mwaka 1968 na kupewa dhamana ya kununua karafuu; na upo Mfuko wa Maendeleo ya Karafuu. Mwaka 2011 ulichukuliwa uamuzi mkubwa wa kumlipa mkulima asilimia 80 ya bei ya soko la dunia, uamuzi uliorejesha imani ya wakulima na kuyavunja nguvu magendo ambayo kwa miaka mingi yalikuwa yakiivusha karafuu ya Pemba usiku kwa njia ya bahari.

Kwa upande wa hifadhi, ipo Sheria ya Misitu Nambari 10 ya mwaka 1996, inayoruhusu wananchi wa shehia kuingia mkataba na Serikali ili wausimamie wenyewe msitu ulio jirani nao. Ipo Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2015. Zipo kazi za ajira za muda chini ya TASAF, ambazo kaya masikini hulipwa kwa kuotesha miche, kupanda mikoko na kujenga matuta ya kuzuia maji ya chumvi. Hayo yote si maneno ya jukwaani, ni mambo yaliyo katika sheria, katika bajeti na katika vitabu vya hesabu.

Sasa tuihesabu milango yake. Trekta na mbegu zina mlango wao. Miche ya mikarafuu ina mlango mwingine, na mauzo ya karafuu mwingine. Kibali cha kukata mti na mkataba wa msitu vina mlango wao. Ukuta wa kuzuia bahari una mlango wa mazingira, ajira za muda zina mlango wa TASAF, na ugani, ambao sera ya ugatuzi iliyoanza kutekelezwa mwaka 2017 iliuelekeza katika serikali za mitaa, umemfanya mkulima asiwe na hakika hata bwana shamba wake anatumwa na nani. Kila mlango una daftari lake, fomu yake na siku yake ya mkutano. Mkulima wa Micheweni anapanda gari hadi Weni, Wete. Huko anaambiwa jambo lake liko Chake Chake. Chake Chake anaambiwa aanzie kwa sheha. Na sheha, ambaye angeliweza kumpunguzia safari yote hiyo, hana karatasi hata moja inayomweleza msaada gani umefika, kwa nani, na hadi lini.

Urasimu wa namna hii mara nyingi hautokani na ubaya wa mtu yeyote. Kila mtendaji anafanya kazi aliyopangiwa ndani ya mipaka aliyowekewa. Lakini ardhi ya Pemba haijui mipaka hiyo.

Tuchukue bonde moja, la aina ile inayoonekana katika sehemu nyingi za kisiwa hiki. Juu mlimani ipo mikarafuu. Chini bondeni upo mpunga. Mbele zaidi, bonde linapokutana na hori ya bahari, ipo mikoko. Ni ardhi moja, na maji yake ni mamoja. Mikarafuu mikongwe ikifa na mahali pake pakalimwa muhogo kwa kufuata mteremko, mvua ya masika hushuka na udongo na kuumwaga bondeni. Mikoko ikikatwa kwa boriti, kwa kuni za kuchemshia dagaa au kwa tanuri la chokaa, bamvua hupanda na kuingia kondeni. Mkulima wa mpunga aliye katikati hupigwa na pande zote mbili: udongo kutoka juu, maji ya chumvi kutoka chini.

Wakaazi wa Kisiwa Panza, kusini mwa Pemba, hawana haja ya kuhadithiwa habari hizi. Wao wameiona bahari ikiingia katika ardhi waliyokuwa wakiilima wazee wao. Maeneo yaliyoingiliwa na maji ya chumvi katika Pemba yamehesabiwa kuwa zaidi ya mia moja, na kila eneo maana yake ni konde la mtu, yaani chakula cha nyumba fulani kilichoondoka.

Katika bonde kama hilo huenda akapita bwana shamba siku ya Jumatatu akazungumza habari za mbegu. Jumatano akapita bwana misitu akazungumza habari za mikoko. Mwezi unaofuata wakaja watu wa mazingira kupima mahali pa tuta. Hapana anayelitazama bonde zima. Matokeo yake, hujengwa tuta lisilo na mlango wa kutolea maji ya mvua, na konde likageuka dimbwi. Au hupandwa mikoko mbele ya konde ambalo mwenyewe ameshakata tamaa akalihama. Au hutolewa mbegu nzuri ya mpunga kwa ardhi ambayo chumvi yake haijapimwa. Msaada umetoka, fedha imetumika, ripoti imeandikwa, na gunia la mpunga halikuongezeka.

Jambo la pili linalohitaji kutazamwa ni namna tunavyohesabu mafanikio yetu. Mfano mwema ni mkarafuu. Historia inatufundisha kwamba kimbunga cha mwaka 1872 kiliiangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja na kuiacha Pemba na sehemu kubwa ya miti yake, na tangu hapo Pemba ndiyo imeibeba karafuu ya Zanzibar. Basi kila mche unaopandwa leo ni urithi tunaowaachia wajukuu. Lakini mkarafuu si mchicha. Huhitaji kivuli na maji katika miaka yake ya mwanzo, na hukaa miaka sita hadi minane kabla ya kuanza kuzaa. Mche uliotolewa kitaluni mwezi wa Aprili unaweza kuwa umekauka ifikapo Februari, na katika daftari ukaendelea kusomeka kama mche uliopandwa.

Tunapendekeza kwamba tuache kujivunia miche iliyogaiwa, tuanze kujivunia miche iliyoshika. Bwana shamba na aende na daftari lake mwaka wa kwanza, mwaka wa pili na mwaka wa tatu, ahesabu iliyo hai, na aandike sababu ya iliyokufa. Hesabu hiyo itatuonesha nani anahitaji maji, nani anahitaji elimu ya kutia kivuli, na nani alichukua miche mia moja ilhali ana nafasi ya miche ishirini. Itakuwa hesabu ndogo kuliko ile tuliyoizoea, lakini itakuwa ya kweli.

Jambo la tatu ni zito zaidi, nalo ni la nani anayetambuliwa kuwa ni mkulima. Mabonde yetu ya mpunga, kwa sehemu kubwa, hulimwa na wanawake. Wao ndio wanaopanda, wanaopalilia, wanaolinda ndege na wanaovuna. Lakini orodha ya ruzuku inapoandikwa, mara nyingi huulizwa jina la mwenye konde, na jina hilo huwa ni la mume, la kaka, au la mzee aliyefariki zamani ambaye warithi wake hawajagawana. Vivyo hivyo kwa eka tatu. Aliyepewa mwaka 1966 hayupo tena. Watoto na wajukuu wanalima vipande. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1992 iliweka utaratibu wa haki ya matumizi, lakini wengi katika warithi hao hawana karatasi mkononi. Mtu asiye na karatasi haandikishwi, asiyeandikishwa hapati, na asiyepata hapandi mti ambao hana hakika kuwa atauvuna.

Hapa ndipo hifadhi na haki zinapokutana. Hakuna mtu anayejenga matuta ya kuzuia mmomonyoko katika ardhi anayohofia kunyang'anywa kesho. Tukitaka mlima uhifadhiwe, kwanza tumhakikishie aliye juu ya mlima huo kwamba ni wake kuutumia. Na tukitaka bonde lizae, tumwandikishe anayelilima, hata kama hati ina jina la mwingine. Konde linamjua aliye ndani yake, na sheha anamjua pia.

Jambo la nne ni ahadi. Mwananchi wa shehia anapokubali kuacha kukata msitu, huwa ametoa kitu. Ametoa kuni, ametoa boriti, ametoa mkaa ambao ungelimpatia ada ya skuli ya mtoto. Ni lazima apate badala. Mradi wa Hifadhi ya Misitu ya Asili, maarufu kwa jina la HIMA, ulioendeshwa baina ya mwaka 2010 na 2014, ulifanya kazi kubwa ya kuziwezesha shehia nyingi za Unguja na Pemba kupata mikataba ya kuisimamia misitu yao. Lakini wananchi walielezwa pia habari za biashara ya hewa ukaa, na fedha za biashara hiyo hazikuja kwa kiasi walichokitarajia. Fundisho lake ni jepesi: kamati za shehia hulinda msitu vizuri zaidi pale zinapoona faida karibu yao, na hupoa pale ahadi inapokuwa kubwa kuliko malipo.

Mifano ya upande wa pili ipo, tena hapa hapa kwetu. Popo wa Pemba, mnyama ambaye hapatikani mahali pengine popote duniani, alikaribia kutoweka mwishoni mwa miaka ya 1980 kwa kuwindwa na kukatiwa miti yake. Katika miaka ya 1990 wanavijiji waliunda vikundi vya kumlinda. Huko Kidike wageni wakawa wanakuja kumtazama na kijiji kikawa kinapata chochote. Makisio ya idadi yake yalipanda kutoka mamia na maelfu machache hadi kuvuka 20,000. Ndugu zetu wa Unguja walio jirani na Jozani nao, ambao mazao yao huliwa na kima punju, waliwekewa utaratibu wa kupata sehemu ya mapato yatokanayo na watalii. Utaratibu huo haukukosa malalamiko, lakini msingi wake ni sahihi: anayebeba mzigo wa hifadhi ashiriki na tunda lake.

Baada ya kuyasema hayo kwa watendaji, ni wajibu wetu kumgeukia na mkulima mwenyewe. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Wapo kati yetu wanaochukua mbegu ya ruzuku wakaiuza sokoni. Wapo wanaokwenda kitaluni kwa kuwa miche ni ya bure, si kwa kuwa wana shimo walilochimba. Wapo wanaolalamika kwamba bahari imeingia kondeni ilhali boriti za banda lao zimetoka katika mikoko ile ile. Na wapo wanaoitwa katika mkutano wa shehia wasende, kisha wakaulizana barazani kwa nini majina yao hayamo. Haki ya kuuliza haitengani na wajibu wa kuhudhuria.

Wakulima wanaokaa pamoja katika kikundi, wenye daftari la wanachama, la eka wanazolima na la gunia walizovuna, hupata msaada kwa wepesi zaidi, na si kwa upendeleo. Ofisa anapotembelea kikundi cha watu ishirini kwa safari moja, safari hiyo huwa na tija. Mashamba darasa yaliyoendeshwa katika visiwa vyetu yalithibitisha kwamba mkulima hujifunza haraka kutoka katika konde la mwenzake kuliko kutoka katika hotuba. Nguvu hiyo isiachwe ikapotea kila mradi unapomaliza muda wake.

Sisi wa Chama nasi tujikosoe, kwani kujikosoa ni nguzo ya uongozi. Matawi yetu yapo katika kila shehia, na mabalozi wetu wanaijua kila nyumba. Lakini mara ngapi tumeutumia mtandao huo kuwaeleza wananchi tarehe ya kuandikisha ruzuku, kama tunavyoutumia kuwaeleza tarehe ya mkutano wa hadhara? Kiongozi wa tawi anayejua siku ya kampeni na asijue siku ya trekta hajaielewa siasa. Tena habari hizo ni za wananchi wote, wa chama chetu na wa vyama vingine. Konde halina kadi, na maji ya chumvi hayaulizi mtu alimpigia nani kura.

Kwa hiyo tunatoa rai zifuatazo, ambazo hazihitaji mkopo wa nje wala semina ya hotelini. Kwanza, kila ofisi ya sheha ibandike nje ubao wenye kuonesha msaada uliopo kwa msimu huo, anayestahiki, tarehe ya mwisho, na ofisa wa kuulizwa. Pili, sheha awe na daftari moja la maombi, yawe ya trekta, ya miche, ya kibali au ya tuta. Ombi liandikwe, lipelekwe na sheha mwenyewe katika ofisi inayohusika, na jibu lirejee kwa maandishi katika muda usiozidi siku kumi na nne, hata kama jibu ni hapana. Mkulima aliyeambiwa hapana mapema hukodi jembe. Aliyeambiwa njoo kesho hupoteza msimu.

Tatu, watendaji wa kilimo, misitu na mazingira wa kila wilaya, katika wilaya zote nne za Pemba, wapange safari za pamoja, walitembee bonde zima kuanzia mlimani hadi mikokoni pamoja na wanaolilima, na waandike mpango mmoja wa bonde hilo. Nne, orodha ya ruzuku ya mpunga iandike jina la mlimaji. Tano, ratiba ya matrekta itangazwe kabla ya msimu, shehia kwa shehia, na ikibadilika itangazwe kuwa imebadilika na kwa sababu gani.

Huenda wakatokea watakaosema kwamba mambo haya ni madogo, na kwamba kinachohitajika ni miradi mikubwa ya umwagiliaji. Miradi hiyo tunaiunga mkono, na skimu kama zile za Mlemele na Makwararani ni kielelezo cha azma ya Serikali. Lakini skimu haiwezi kufika kila bonde, na hata itakapofika itaendeshwa na watu hawa hawa, kwa utaratibu huu huu. Mfereji wa saruji haufai kitu ikiwa mlango wa maji umefungwa na mwenye ufunguo hajulikani.

Chuoni tulifundishwa tungali wadogo kwamba amana hurejeshwa kwa wenyewe. Fedha ya ruzuku, mche wa kitaluni, ujuzi wa bwana shamba na sheria ya msitu ni amana za mkulima zilizowekwa ofisini. Hazikuwekwa huko zikae. Msimu hauna subira: mvua itakapoanza, mama aliyesimama pembezoni mwa konde lake hatakuwa na wakati wa kupanda gari kwenda kuuliza. Aelezwe sasa, karibu na nyumbani kwake, mlango ni upi. Na akibisha hodi, akute mwenyeji ndani.